Uji Aliokataa Dezire

Saa kumi na mbili na dakika saba asubuhi, Dezire alikataa uji.

Niliandika hivyo kwenye daftari: saa, herufi mbili za jina lake, "hataki uji", na pembeni neno moja, "hofu". Tulikuwa Gitega, Burundi, katika ukumbi wa parokia moja, mimi na wachezaji sita wa shule ya sekondari ya Muyinga niliokuwa nikiwaandaa kwa vipimo vya mwili. Tulifika jana yake kwa sababu mafuta yalikuwa ya shida, na siku hizi basi huondoka likiyapata, si wewe ukilihitaji. Vipimo vilikuwa vinaanza saa tatu. Uji ulikuwa wa ulezi, nimeupika mwenyewe kwenye jiko la mlinzi, na kila mmoja alikuwa na ndizi mbivu mbili. Nilikuwa nimepanga kila kitu kwa dakika.

"Mi sina njaa, kochi," alisema Dezire, akamsogezea mwenzake kikombe.

Neno "hofu" lilikuwa kosa langu la kwanza siku ile. Ninyi vijana mnaotaka kuifanya kazi hii, mnisikilize hapa. Andika ulichokiona. Kijana hataki uji: hilo umeliona. Hofu hukuiona, umeibuni. Na ukishabuni sababu ukaiandika kwa wino, unaacha kuuliza.

Mimi sina diploma. Nilikulia kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma, nikajifunza huko kutengeneza baiskeli na Kiswahili hiki ninachoandika. Niliporudi nikafungua kibanda cha baiskeli Muyinga, karibu na uwanja wa shule, na kwa sababu nilikuwa nawaona vijana wakikimbia kila jioni, nilianza kukerwa. Walikimbia kwa visigino. Walisimama kwa kuteleza. Nilinunua sokoni kitabu cha Kifaransa cha mazoezi ya viungo, kisicho na jalada, nikakisoma kwa kamusi, kurasa mbili kwa siku. Nilipokimaliza nilivuka barabara nikamwambia mkuu wa shule kwamba wachezaji wake wanakimbia vibaya. Akaniambia, kama najua zaidi, nije. Nilikwenda miaka kumi na saba. Mwaka jana goti lilikataa, nikaacha.

Kazi yenyewe si kufundisha mpira. Hilo nimelieleza mara nyingi mpaka nimechoka, na bado kila mwaka mzazi mmoja alinijia kulalamika kwamba mwanawe hapewi mpira. Pale Gitega kuna kituo kinachochukua vijana wachache, kinawalaza, kinawasomesha mpaka wamalize sekondari bila kulipa kitu. Lakini kabla hawajakuona na mpira wanakupima mwili. Kwanza mbio za mita thelathini. Kisha kuruka juu ukiwa umesimama, ukagusa ukuta kwa vidole vyenye chaki. Mwisho mbio za kengele, ambazo ni mita ishirini kwenda na kurudi kwa kufuata mlio wa spika, na kila dakika mlio unazidi kuharakisha, ngazi kwa ngazi, mpaka ushindwe kufika kwenye mstari kabla haujalia. Ukianguka hapo, hata kama unapiga chenga watu watatu, unarudi nyumbani.

Mkuu wa shule wa kwanza aliposikia neno "vipimo" alidhani ni mtihani. Nilimkuta amewakalisha wachezaji darasani wananakili ubaoni: "Mbio za mita thelathini ni mbio zinazokimbiwa kwa umbali wa mita thelathini." Walikuwa wanakariri. Mlinda mlango aliniuliza kama kutakuwa na swali la kuchagua. Nilitoka nje nikaegemea ukuta kidogo.

Mambo ya kujua ni machache na ni ya kuchosha, ndiyo maana hakuna anayeyafuata. Kwenye mbio za kengele usiuwahi mstari. Ngazi nne za kwanza ni za kutembea haraka, na kijana anayezikimbia kwa sifa ataomba maji ngazi ya saba. Geuka mara kwa mguu wa kulia, mara kwa wa kushoto, maana paja moja likibeba migeuko yote litakufa kabla ya lingine. Kwenye kuruka, mtazame bega anapoweka alama ya kwanza akiwa amesimama. Wajanja huliteremsha ili mkono uwe mfupi, halafu wanaruka na kuupata urefu ambao hawana. Wasimamizi wa Gitega wanaujua ujanja huo, na anayekamatwa anaharibu sura ya wenzake wote.

Na upime uwanja wako kwa kitu cha kweli. Mimi miaka yangu ya kwanza nilipima kwa kamba ya katani. Nilifunga fundo la kitambaa chekundu kila mita, kwa uangalifu mkubwa, nikajisifu. Ikaja masika. Kamba ililowa, ikakauka, ikalowa tena, na mimi sikujua kwamba katani ikilowa hujikunja na hairudi kwenye urefu wake wote. Wachezaji wangu wanne walikuwa wanafika ngazi ya tisa mazoezini. Gitega wote wanne walikufa ngazi ya nane. Nililaumu chakula, nikalaumu spika ya Gitega, nikamlaumu msimamizi. Halafu nikaenda kununua kamba mpya kwa mzee Gulamu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Muyinga, ambaye babu yake alitoka India na yeye mwenyewe hajawahi kukimbia isipokuwa mvua. Akaniuliza kamba ya nini. Nikamwambia.

"We unapima watu na kamba ya kufungia mbuzi?" alisema, akacheka mpaka akakohoa.

Alitoa futi ya mafundi, ya mita thelathini, tukatandaza kamba yangu sakafuni kati ya mifuko ya saruji. Ilikuwa mita kumi na nane na sentimita themanini na saba. Wale vijana wanne hawakuwa wamewahi kukimbia mita ishirini hata siku moja. Futi ile aliniuzia kwa bei aliyoinunulia yeye, na tangu hapo nilimheshimu kama mwalimu, ingawa kila mteja akiwepo alinitambulisha kama mtu wa kamba ya mbuzi.

Narudi kwa Dezire.

Alikuwa wa miaka kumi na saba, kiungo wa kati, mwembamba, kutoka Giteranyi. Wakati wa masomo alikaa Muyinga kwa shangazi yake. Baba alikwishafariki. Mama alikuwa analima maharage na mihogo, na ada ya mwaka uliopita aliilipa kwa kuuza mbuzi, wa mwisho. Kaka yake mkubwa alikwishavuka mpaka kwenda kupalilia mashamba ya watu Tanzania, na ilikuwa imeshakubaliwa nyumbani kwamba Dezire asipochukuliwa na kituo atamfuata. Miaka mitatu ya sekondari ilibaki mbele yake, na njia ya kuipata, maana mpira wenyewe haukuwa ukimsumbua, ilikuwa ni zile mbio za kengele. Ngazi iliyotakiwa ilikuwa ya tisa. Mazoezini, kwa futi ya mzee Gulamu, alikuwa anafika ya kumi na moja.

Nilimwandaa wiki kumi. Kitabu kinasema kabla ya vipimo mwili upumzike, kwa hiyo Jumatano na Alhamisi niliwaruhusu wote waende kwao. Ijumaa tukakutana kituo cha basi. Njiani niliwanunulia mahindi ya kuchoma. Dezire aliyaweka ya kwake kwenye mfuko, akalala. Nilifurahi kwamba anapumzika.

Jumamosi saa tatu na robo alikimbia mita thelathini kwa sekunde nne nukta arobaini na moja. Kawaida yake ilikuwa nne nukta thelathini. Akaruka sentimita arobaini na saba, na kawaida yake ilikuwa hamsini na tatu. Mimi nikaandika tena "hofu". Nilikuwa na namba mbili mbaya na kikombe cha uji kilichokataliwa kwenye ukurasa mmoja, na bado sikuviunganisha.

Mbio za kengele zilianza saa nne na nusu. Ngazi ya tano aliacha kunyoosha mikono. Ya sita alifika kwenye mstari, akaupita akitembea, akapiga magoti kwenye nyasi kama mtu aliyeangusha sarafu. Nilipomfikia midomo yake ilikuwa myeupe.

"Umekula nini jana?"

Aling'oa unyasi, akauzungusha kidoleni.

"Juzi?"

"Tulifunga, kochi," alisema. "Siku tatu. Mi na mama na wamama wa maombi. Tulisema nitafungua nikishapita."

Wakati mimi nilikuwa nampumzisha kwa mujibu wa kitabu, yeye alikuwa nyumbani anafunga ili Mungu amsaidie kukimbia. Maji kidogo jioni, basi. Hakuniambia kwa sababu nisingekubali. Hapo alikuwa sahihi. Nilitaka kumpigia kelele, lakini huwezi kumpigia kelele mtu anayetetemeka, kwa hiyo nilimpa ndizi. Aliitazama kwanza, kwa sababu hakuwa amepita.

Msimamizi alikuwa dada mmoja kijana mwenye filimbi shingoni na karatasi kwenye ubao. Aliuliza kama huyu ameumwa. Nikamweleza. Hakucheka, na afadhali angecheka.

"Mais, lakini we ndo kochi wake," alisema. "Haukujua?"

Aliangalia karatasi yake muda mrefu. Kisha akasema baada ya siku kumi na nne watawapima vijana wa shule za kaskazini, huko huko kwetu Muyinga, na aliyeugua anaweza kurudia. "Ngazi ya sita siiandiki. Nitaandika mgonjwa. Lakini ni mara moja tu."

Jumapili tulirudi, na Jumatatu nilipita dukani kwa mzee Gulamu kumwaga hasira. Nilimwambia nimefanya kazi wiki kumi na nimeshindwa na wanawake wa maombi. Alinisikiliza huku akipima misumari.

"Sisi tunafunga mwezi mzima," alisema, "na wajukuu wangu wanacheza mpira. Lakini kufunga ni ratiba, kochi. Mtu anajua anakula saa ngapi. Huyu wako alifunga hajui anafungua lini." Akaweka misumari kwenye karatasi. "Halafu sisi kwetu, anayefunga analisha mwingine. Ndo inakamilika."

Nililibeba neno hilo bila kujua nitalifanyia nini. Jumanne nikapanda baiskeli kwenda Giteranyi, maana nauli ya pikipiki wakati wa uhaba ni ya watu wa wizarani. Vilima vile goti langu linavikumbuka mpaka leo. Mama Dezire nilimkuta shambani kando ya nyumba, mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini. Alinipa kiti, akakaa juu ya jembe. Nilianza kwa upole. Nilimweleza kwamba Dezire amepata nafasi ya pili.

"Tunajua, mwalimu. Tunashukuru," alisema. "Siku tatu ilikuwa kidogo. Tumeshapanga saba."

Nilifunga macho. Wangeanza siku saba kabla ya vipimo, na Dezire pamoja nao. Nilitoa mfano ambao nimeutoa kwa wazazi wengi, kwamba mwili ni kama gari, na gari bila mafuta haliendi.

"Mbona basi zote hazina mafuta na bado munafika Gitega?"

Nikamfungulia daftari nikamwonyesha namba: sekunde kabla, sekunde baada, sentimita kabla, sentimita baada. Alizitazama kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa picha ya ndugu wa mtu mwingine. Kisha nikakasirika kidogo, nakiri, nikamuuliza kwa nini anaharibu kazi yangu.

Hakukasirika. Alipangusa udongo kwenye mpini wa jembe.

"We ulimupa mazoezi," alisema. "Shule ilimupa viatu. Mi niko na nini ya kumupa? Mbuzi iliisha. Mi niko na njaa tu, mwalimu. Hiyo ndo nilimupa."

Wiki kumi nilikuwa nimeandika kila kitu kilichoingia kwa kijana yule, wanga, maji, usingizi, lakini huyu hakuwa na safu kwenye daftari langu. Hapo likanirudia lile la mzee Gulamu, la anayefunga kulisha mwingine. Nikamwambia: mama, ninyi fungeni, siwazuii. Lakini Dezire asifunge. Chakula cha mchana mnachokiacha, kipikeni kama kawaida, apewe yeye. Njaa iwe yenu, sahani iwe yake.

Alifikiri. Akaenda kuwaita wenzake, wanawake kumi, wakajadiliana kwa Kirundi nyuma ya nyumba kwa muda wa kutosha mimi kuziba pancha. Mmoja mrefu alishikilia kwamba ahadi ni ahadi na Mungu hapunguzwi bei. Mama Dezire ndiye aliyemaliza.

"Ahadi ilisema sisi tusikule," alisema. "Haikusema chakula nacho kilale njaa."

Wakakubaliana kufunga kutwa mpaka jioni, wote kumi na mmoja. Niliondoka Giteranyi nikiimba peke yangu kwenye baiskeli, kwa sababu bado sikuwa nimejifunza.

Nilirudi siku ya nne ya kufunga kwao. Dezire alikuwa amekaa mkekani, mgongo ukutani, macho yamelegea. Mbele yake kulikuwa na sahani kumi na moja: maharage na ugali wa mihogo, viazi vitamu, ndizi za kupika, ndagala, yaani dagaa, tena maharage. Wanawake walikuwa wamemzunguka, wanaimba, wanamtazama anavyotafuna. Hakuweza kuacha hata moja, kwa sababu kila sahani ilikuwa ni maombi ya mtu, na mwenye sahani amekaa pale na njaa yake anangoja kuona inaliwa.

"Kochi," alinong'ona, "niokoe."

Nilikuwa nimebeba mizani ya duka la mzee Gulamu. Dezire alikuwa ameongezeka kilo mbili na nusu kwa siku nne. Nikamwambia akimbie mpaka kwenye mti wa parachichi na kurudi. Alikwenda. Kurudi alitembea.

Niliomba karatasi, nikaandika ratiba. Sahani mbili kwa siku, moja saa nne, nyingine saa kumi na moja, majina kwa zamu, na kinachobaki wapewe watoto wa jirani. Walinishutumu kwamba napunguza maombi. Yule mrefu aliniuliza kwa nini zamu yake ni Alhamisi, je, maharage yake yana kasoro? Nilimpa Ijumaa, siku ya mwisho, akaridhika kuliko nilivyotarajia. Nimesimamia migomo ya wachezaji, nimesimamia wazazi, lakini sijawahi kujadiliana kwa bidii vile kuhusu maharage.

Jumamosi tulikuwa kwenye uwanja wa Muyinga. Mstari wa mita ishirini niliuhakikisha kwa futi yangu kabla yule dada hajafika, na alipofika akauhakikisha kwa ya kwake, jambo lililonipendeza. Saa kumi na mbili Dezire alikuwa amekula viazi viwili na ndizi moja. Mita thelathini alikimbia kwa sekunde nne nukta thelathini na nne. Aliruka sentimita hamsini na moja, maana kilo moja ya Giteranyi ilikuwa bado inamvuta chini. Zote mbili zilitosha.

Mama yake alitembea na kudandia baiskeli tangu jana yake, akaja peke yake. Alisimama mwisho wa mstari, na kitambaa kilichofunga sahani ya maharage mkononi. Hakuwa amekula, kwake siku ya saba ilikuwa haijaisha mpaka mtoto amalize.

Kengele ikaanza. Ngazi ya sita alipita, na mimi nikapumua. Ya saba, mguu wa kulia, mguu wa kushoto. Ya nane nilimwona anaanza kunyanyua mabega, nikamwambia ayashushe, akayashusha. Ya tisa walibaki watatu. Mlio wa mwisho wa ngazi hiyo ulikuta unyayo wake uko juu ya mstari wa chokaa, nikamtazama yule dada, naye akaandika kwa kalamu. Dezire aliendelea mpaka katikati ya ngazi ya kumi, kisha akasimama mwenyewe, akainama, mikono magotini, na hakupiga magoti.

"Imepita?" mama yake aliniuliza.

Nikamwambia imepita.

Alikaa palepale kando ya mstari, akafungua kitambaa, akaanza kula yale maharage yaliyopoa. Alikula taratibu. Baada ya matonge matatu aliniangalia.

"Si nilikuambia, mwalimu? Saba ndo ilitosha."

Mwenzenu nilikuwa na wiki kumi za mazoezi, futi ya mafundi, mizani na ratiba ya sahani, na nilifungua mdomo kumjibu. Halafu nikakumbuka kwamba hata hizo sahani zilitoka kwenye kufunga kwake. Nikaufunga.

Kisha akaniuliza ile miaka mitatu ingemgharimu kiasi gani, ada na bweni, kama kituo kisingelipa; alitaka kujua zawadi aliyompa mwanawe ilikuwa ya bei gani. Nikachukua daftari: laki moja na elfu ishirini kwa muhula, mihula mitatu kwa mwaka, miaka mitatu. Nilizidisha mara mbili ili niwe na hakika, kisha nikamtajia.

Faranga milioni moja na elfu themanini.